Viboga vinageuka njano na kudondoka: nifanyeje?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nilipanda mbegu za boga nililonunua sokoni, mashina manne, nyuma ya nyumba yetu hapa Kibaha. Sasa ni wiki ya tisa. Yametambaa mpaka ukutani, majani yake ni makubwa kama ungo. Nilitumia samadi ya kuku, na kila baada ya wiki mbili naongeza urea. Mwanzoni yalitoa maua mengi sana, yote yakadondoka. Baadaye vikaanza kuonekana viboga, lakini vikifika ukubwa wa limau vinaanza kuwa vya njano upande wa ua, vinasinyaa, vinaanguka. Sijapata hata boga moja. Jirani aliniambia nitoe maua yasiyo na kiboga kwa sababu ni ya uongo, yananyonya nguvu za mmea, kwa hiyo kila jioni nachuma yale yanayokaribia kuchanua natia kwenye msusa. Mume wangu anapiga dawa asubuhi kabla ya kwenda kazini, mara mbili kwa wiki, kwa sababu ya vidudu vyekundu vinavyotoboa majani. Mama mkwe anasema watoto wamevinyooshea vidole. Na pembeni kuna matango, naogopa yameharibu mbegu. Ning'oe nipande upya?"*

Usiyang'oe, dada. Mmea unaoumwa hautambai mpaka ukutani na kutoa majani ya ukubwa wa ungo. Kwa jinsi ulivyoeleza, kinachokosekana ni uchavushaji, yaani chavua ya ua dume haifiki kwenye ua jike kwa wakati. Kiboga ambacho hakikupata chavua hufa hivyohivyo ulivyoona: kinaanza kuwa cha njano upande wa ua, kinasinyaa, kinaanguka. Ua la boga lina asubuhi moja tu ya kufanya kazi hiyo. Sasa tazama ratiba ya nyumbani kwenu: maua dume yanachumwa jioni ya kuamkia asubuhi hiyo, na dawa inapigwa asubuhi yenyewe.

Kabla sijaeleza zaidi, kuna jambo la haraka kuliko boga. Mnachuma majani na maua ya kula kwenye mashina yanayopigwa dawa mara mbili kwa wiki. Acheni kuchuma kuanzia leo. Kiuatilifu kilichosajiliwa kina kibandiko kinachotaja siku za kusubiri kati ya kupiga na kuvuna. Nyingine ni siku chache, nyingine zinafika wiki mbili, na nyingine hazikukusudiwa mboga za majani kabisa. Kama dawa yenu inataka siku saba nanyi mnapiga kila baada ya siku tatu au nne, basi hakuna siku hata moja ambayo msusa huo ulikuwa salama. Kuosha peke yake hakutoshi, maana ziko dawa zinazoingia ndani ya jani. Soma kibandiko, hesabu siku tangu mara ya mwisho kupiga, ndipo mchume tena. Ikiwa dawa ilimiminwa dukani kwenye chupa ya maji, haina jina wala maelezo, isitumike tena.

Sasa turudi kwenye maua. Shina moja la boga hutoa maua ya aina mbili, na ukiyajua hutayachanganya tena. Ua dume lina kikonyo kirefu, chembamba, kilichonyooka, na chini ya petali hakuna kitu. Ua jike lina kikonyo kifupi na kinene, na chini ya petali, hata kabla halijachanua, kimekaa kiboga kidogo cha mviringo chenye umbo la boga litakalokuja. Fungua ua dume uchungulie ndani: utaona nguzo moja katikati, kama njiti fupi nene, imejaa unga wa njano. Hiyo ndiyo chavua. Ndani ya ua jike hakuna unga. Kuna kichwa kinachonata, kimegawanyika mafungu matatu, na kila fungu lina mfereji katikati. Hapo ndipo chavua inapotakiwa kutua.

Maua yako ya kwanza kudondoka yote halikuwa tatizo. Boga hutanguliza madume, kwa kawaida wiki moja au mbili kabla ya ua jike la kwanza, na ua dume likishamaliza asubuhi yake hunyauka na kuanguka. Hata shina likizaa vizuri, madume yatakuwa mengi kuliko majike, pengine kumi kwa moja.

Ndiyo maana ushauri wa jirani, ingawa alikutakia mema, umekugharimu. Maua hayo si ya uongo. Bila ua dume hakuna boga, na ua dume halinyonyi nguvu za kutosha kuudhuru mmea ulionenepa kama wako. Tena, kwa kuwa unachuma machipukizi yanayokaribia kuchanua, unaondoa hasa yale ambayo yangefunguka kesho yake alfajiri. Ua jike linachanua, linangoja, na hakuna dume. Si lazima uache kula maua. Badilisha saa tu: dawa ikishaisha siku zake, chuma maua dume baada ya saa 5 asubuhi, yakiwa yameshafunga na kazi yake imekwisha. Ladha kwenye msusa haitapungua.

Hiyo saa 5 ina sababu. Ua la boga hufunguka alfajiri, kati ya saa 11 na saa 12, na siku ya jua kali huanza kujikunja kuanzia saa 4. Likishafunga halifunguki tena. Chavua nayo huwa na nguvu zaidi asubuhi na mapema, kisha hufifia kadiri joto linavyopanda. Chembe za chavua ya boga ni kubwa kiasi kwamba ukiziweka kwenye ukucha unaziona moja moja kwa macho, na zinanata. Upepo hauwezi kuzibeba. Kwa mahindi upepo unatosha, kwa boga lazima apite mdudu, na hapa kwetu mdudu huyo ni nyuki. Anaingia kwenye ua dume kutafuta nekta, yaani maji matamu ya ua, iliyo chini ya ile nguzo, anatoka amepakaa unga mgongoni na miguuni, anaingia kwenye ua jike, anaupangusia kwenye kile kichwa kinachonata. Nyuki mmoja kupita mara moja mara nyingi hakutoshi. Ua jike linahitaji nyuki warudi tena na tena, mara kumi au zaidi, kabla halijafunga.

Hesabu yake ni hii. Kila mbegu ndani ya boga inahitaji chembe yake ya chavua, na boga moja kubwa linaweza kuwa na mbegu mia kadhaa. Chembe ikitua kwenye kichwa cha ua jike inaota mrija mwembamba unaoshuka mpaka ndani ya kiboga na kuikuta mbegu changa. Mbegu zikishatungwa zinatoa homoni, na homoni hizo ndizo zinazoita sukari kutoka kwenye majani ije kulisha kiboga. Pasipo mbegu hakuna anayeita, basi mmea unakata chakula pale kwenye kikonyo na kukidondosha. Chavua ikifika kidogo, kiboga huweza kushika lakini kikakua upande mmoja, upande wa ua ukabaki mwembamba au umejipinda. Ukiona boga la namna hiyo usilaumu mbegu.

Hapa ndipo nilitaka kuzungumzia maneno ya mama mkwe, na naomba uyafikishe kwake kwa heshima. Katazo la kunyooshea boga changa kidole lipo sehemu nyingi, na wazee waliona kitu cha kweli: mtoto anafurahia kiboga leo, baada ya siku nne kiboga kimeoza. Lakini mtoto anakiona kiboga siku kilipopata ua la kupendeza, yaani siku ileile ambayo hatima yake inaamuliwa. Kama hakikupata chavua asubuhi hiyo, kitaanguka kikinyooshewa kidole au kisiponyooshewa. Watoto wako hawana kosa. Tena macho yao makali yatakusaidia kutafuta maua jike chini ya majani, kazi ambayo mtu mzima huinamia mpaka mgongo ukauma.

Tuje kwenye dawa. Vidudu vyekundu vinavyotoboa majani, kwa maelezo yako, ni mbawakavu wekundu wa maboga. Hao ni adui mkubwa wakati mche una majani mawili hadi manne, wanaweza kuumaliza. Kwa shina la wiki tisa lililojaa majani, matundu kadhaa hayapunguzi mavuno. Waokote kwa mkono saa 12 asubuhi wakiwa bado wazito kwa baridi, uwaangushe kwenye kopo lenye maji ya sabuni. Dawa inayopigwa asubuhi inaingia ndani ya ua lililo wazi, inawaua nyuki waliomo, na walionusurika hawarudi. Dawa zinazopenya ndani ya mmea, kama zile zenye imidaklopridi, zinaweza kufika mpaka kwenye nekta na chavua, hata ukiwa umepiga jioni. Ikitokea siku lazima mpige, mpige baada ya jua kuzama, maua yakiwa yamefunga, kwa dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) na yenye zao lako kwenye kibandiko. Kwa hali uliyonieleza, mimi nisingepiga kabisa.

Urea nayo isimamishe. Asilimia 46 ya urea ni naitrojeni, na samadi ya kuku tayari ina naitrojeni nyingi. Naitrojeni ni chakula cha majani. Ikizidi, mmea unaendelea kutambaa, unatoa madume kwa wingi na kuchelewesha majike. Joto linaongeza jambo hilohilo: mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usiposhuka chini ya nyuzi 21, boga huelemea kwenye madume, na ukanda wa Pwani una usiku wa namna hiyo miezi mingi, hasa Desemba hadi Machi. Naitrojeni iliyokwisha kuingia huwezi kuitoa, ila usiiongeze. Ukitaka kuweka kitu, chukua konzi mbili za majivu ya kuni kwa kila shina, uyatawanye sentimita 30 kutoka kwenye shina, uyafukie kidogo na kumwagilia. Mara moja inatosha, na usiyachanganye na urea wala samadi mbichi kwa sababu naitrojeni itapotea hewani. Msimu ujao weka nusu debe ya samadi iliyooza vizuri kwenye shimo kabla ya kupanda, basi. Ukinunua mbolea ya dukani, ile namba ya kwanza kati ya tatu kwenye mfuko ndiyo naitrojeni, nawe unatafuta ambayo namba hiyo ni ndogo kuliko ya mwisho.

Kuhusu maji nitasema kwa kifupi: wakati hakuna mvua, ndoo ya lita 20 kwa shina mara mbili kwa wiki, polepole, kwenye udongo na si juu ya majani. Majani kulala saa 8 mchana na kusimama tena jioni si kiu.

Matango ondoa wasiwasi. Tango haliwezi kuchavusha boga, wala tikiti haliwezi. Hata boga la aina nyingine likichavusha lako, nyama ya boga la mwaka huu haibadiliki, kwa kuwa nyama hiyo ni ya mama. Kinachobadilika ni mbegu zilizomo, na utaliona hilo ukizipanda. Kwa hiyo mbegu za boga la sokoni zinaweza kukupa maboga yasiyofanana na mama yao, lakini si sababu ya viboga kudondoka. Kuna tahadhari moja tu: boga lililotokana na mbegu za namna hiyo likiwa chungu ulimini, liteme na ulitupe lote, hata kama limeshapikwa. Uchungu huo ni sumu ya asili ya jamii ya maboga na unaweza kuumiza tumbo vibaya.

Kabla hujafuata ushauri wangu wa kuchavusha kwa mkono, hakikisha kwanza kwamba nimesema kweli. Okota viboga vitatu au vinne vilivyoanguka, vipasue kwa urefu. Ukikuta ndani ni safi, pakavu, na mbegu ni bapa kama ngozi tupu, basi ni kukosa chavua. Ukikuta kitundu kidogo juu ya ganda, pengine na tone la utomvu kama gundi, na ndani mna funza weupe ambao wakitolewa hujikunja na kuruka, huyo ni nzi wa matunda. Anataga mayai kwenye kiboga kingali laini, nacho kinakuwa cha njano na kuanguka karibu sawa na kile kilichokosa chavua, ndiyo maana watu wengi huvichanganya. Ukikuta kimeoza kwa majimaji kuanzia kwenye ua, na juu yake zimesimama nywele zenye vichwa vyeusi kama pini ndogo, ni ukungu unaopenda siku za mvua mfululizo. Kwenu sitashangaa mkikuta aina mbili kwa pamoja, kukosa chavua na nzi. Vyote vyenye funza vitie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, uufunge na kuuacha juani wiki moja, au uvifukie kina cha nusu mita. Ukivitupa pembeni unafuga kizazi kijacho.

Halafu fanya kipimo cha nyuki. Simama bustanini saa 1 asubuhi, siku isiyo na mvua, kwa dakika 15, ukiangalia maua manne au matano yaliyo wazi. Kama nyuki wanaingia na kutoka, ukiacha dawa na ukiacha kuchuma madume, huenda usihitaji kufanya kitu kingine. Kama umeona mmoja au hukuona kabisa, fanya kazi yao.

Kazi inaanza jioni. Zunguka kabla giza halijaingia, ufunue majani utafute maua jike ya kesho. Utayajua kwa ncha: imeacha ukijani imekuwa ya njano iliyoiva, lakini petali bado zimejisokota. Karibu na kila moja chomeka kijiti chenye kitambaa, maana kwa majani ya ukubwa wa ungo asubuhi hutaliona. Hesabu na madume yenye ncha ya njano vilevile. Ukiona majike mawili na dume hakuna, omba kwa jirani mwenye maboga machipukizi ya dume yanayokaribia kufunguka, uyasimamishe kwenye glasi ya maji ndani ya nyumba. Yatafunguka asubuhi na chavua yake inafaa.

Asubuhi fanya kati ya saa 12 na nusu na saa 2. Ikiwa umande umelowesha maua, subiri ukauke, kwa sababu chavua ikilowa inapasuka na kuharibika. Gusa nguzo ya ua dume kwa kidole. Kidole kikitoka na unga wa njano, liko tayari. Likate na kikonyo cha vidole vitatu, uchane petali zote taratibu mpaka ubaki na ile nguzo juu ya kikonyo, kama brashi ndogo. Iingize kwenye ua jike, uipitishe juu ya mafungu yote matatu ya kile kichwa, pande zote na kwenye ile mifereji, kwa mkono mwepesi kama unayempaka mtoto poda. Usikandamize, kichwa hicho kikichubuka kazi imeharibika. Endelea mpaka uone njano imeshika kwenye kila fungu. Tumia madume mawili au matatu kwa jike moja. Madume ya shina lilelile yanafaa, si lazima utoe kwenye shina jingine. Ukimaliza, kusanya petali za ua jike juu na uzifunge kwa uzi laini ili mvua na nzi wasiingie, kisha andika tarehe kwenye kipande cha karatasi ngumu uning'inize kwenye kikonyo.

Siku ya tatu ondoa petali zilizonyauka bila kukigusa kiboga, zisikae zikaozea pale. Kuanzia siku ya tatu au ya nne kiboga kilichoshika kinabaki kijani kinachong'aa, kinavimba, na kikonyo kinanenepa. Kilichokosa kinaanza njano ileile unayoijua. Kama nzi wapo, kifunge kilichoshika kwa mfuko wa gazeti au wa kitambaa chepesi, usiobana, mpaka ganda lianze kuwa gumu. Mfuko wa plastiki usitumie, kinapikika humo. Kikifika siku ya kumi kingali kinakua, umepata boga, na utalivuna baada ya mwezi mmoja na nusu hadi miwili, kikonyo kikiwa kimekauka na ukucha hauingii kwenye ganda.

Usitarajie kila kiboga kishike hata ukifanya vizuri namna gani. Shina moja la maboga makubwa hubeba mawili hadi manne. Likishashika ya kulitosha, yanayofuata linayadondosha lenyewe ingawa yalipata chavua.

Sasa chaguo lako. Kuchavusha kwa mkono kutakupa matokeo ya haraka, ila ni kazi ya kila asubuhi kwa wiki mbili au tatu, na usipoamka siku moja, ua la siku hiyo limepotea. Kuwarejesha nyuki ni polepole lakini kunadumu: acha dawa, panda mrihani, kivumbasi na alizeti pembezoni uyaache yatoe maua, weka sahani ya maji yenye mawe ya nyuki kutua. Kama mmetandaza chandarua juu ya bustani kuzuia kuku, kiinueni asubuhi. Mzinga wa nyuki wanaouma sikushauri kuuweka kwenye uwanja wenye watoto. Kupanda upya kuna maana kama njia ya msimu ujao: mbegu zikiingia ardhini mwanzoni hadi katikati ya Aprili, maua yatakuja mwishoni mwa Mei na Juni, mvua za masika zikiwa zinapungua na usiku umeanza kupoa. Mashina yaache mita 2 kila upande. Haya uliyonayo yatunze, bado yana wiki nyingi za maua mbele. Na ukichuma majani, chukua yasizidi jani moja kati ya matatu, ukiacha lile lililo karibu kabisa na kiboga. Kukata ncha ya shina kuu linalotambaa kunafaa, mara nyingi matawi ya pembeni yanayochipua hubeba majike zaidi.

Yapo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Majani mapya yakitoka na mabaka ya kijani na njano, yamevimbavimba au yamekuwa membamba kama nyuzi, huo huenda ni ugonjwa wa virusi unaosambazwa na vidukari. Hauna dawa, na shina hilo ni lazima litoke kabla halijaambukiza mengine. Shina likilala na lisisimame hata usiku, au ukichavusha maua kumi kwa mkono na yote yakaanguka, mwite afisa ugani wa kata yako. Na mtu yeyote nyumbani akipata kizunguzungu, kutapika au kutokwa mate mengi baada ya kupiga dawa au kula msusa huo, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na chupa ya dawa.

Afisa ugani mwandalie viboga vilivyoanguka vikiwa kwenye gazeti, jani moja zima, chupa ya dawa yenyewe na zile karatasi za tarehe. Mwombe aje saa 1 asubuhi. Akija mchana atakuta maua yote yamefunga.